Kumbi Lisilokuwa Kwenye Ramani

Mwaka ule wa ndui, vita vya Hitla vikiwa bado vinaunguruma huko mbali, Mtinko ilipata wageni ambao haijapata kuwaona wamekaa pamoja. Bwana Diisii, mkuu wa wilaya, alitoka Singida mjini, Mwingereza mrefu mwenye kikohozi kisichoisha. Katika lori moja naye alikuja Daktari Joshi, Mhindi wa hospitali ya boma. Huyu ndui alikuwa anaijua, maana ilimpitia akiwa mtoto kwao Gujarati ikamwachia vishimo mashavuni. Sista Inga, Mmarekani wa misheni, aliteremka kutoka Iramba na masanduku yake ya bandeji. Na kutoka Kondoa, kwenye kambi ya Wapolandi waliofukuzwa na vita vya kwao, alifika mama mmoja daktari aitwaye Wanda. Nyuma yake alikuwepo msaidizi wake wa dawa, mwanamume mfupi, kimya, jina lake Rubin, aliyekuwa akitembea kama mtu anayepita karibu na aliyelala.

Dawa ya kuchanjia ilitoka Nairobi. Ilivuka ziwa kwa meli, ikashika treni mpaka Manyoni, ikafika Mtinko ndani ya sanduku lililozungushiwa magunia yaliyoloweshwa maji. Nyingine waliahidi Wabelgiji wa Kongo. Hiyo kila siku ilikuwa inakuja.

Walikutania kwenye banda la mnada wa ng'ombe, kwa sababu ndilo peke yake lenye kivuli cha kutosha watu wote hao. Na aliyewaunganisha midomo alikuwa Mughwai, tarishi wa boma, mzaliwa wa hapohapo Mtinko. Mama Wanda akisema jambo kwa lugha yake, Rubin analigeuza kwa Kiingereza cha kuokoteza, Daktari Joshi analigeuza kwa Kiswahili chake cha dukani, halafu Mughwai anawapa majumbe wa vijiji kwa Kinyaturu. Jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Neno moja lilikuwa linasafiri kama mzigo wa posta.

Juu ya meza walitandaza ramani. Daktari Joshi alikuwa na desturi yake: punje ya mahindi ni mgonjwa, harage ni maiti. Kila taarifa ikija kutoka Ilongero, Manyoni au njia ya Kondoa, anapanga. Siku ya kwanza kuku mmoja alirukia meza akala wagonjwa wote wa Ilongero kabla hajafukuzwa, na jumbe Simeoni, mzee mwenye maneno, akasema, "Kumbe dawa tunayo! Tufuge kuku tu." Hata Bwana Diisii alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Dawa iliyobaki sandukuni ilikuwa kidogo, na jua la Agosti lilikuwa linaila. Ilibidi waamue iende wapi.

"Manyoni," alisema Bwana Diisii, akigonga ramani. "Stesheni. Ndui ikipanda treni pale, kesho iko Tabora, keshokutwa iko Pwani, bandarini, kwenye meli za jeshi."

"Na njia ya Kondoa," alisema Mama Wanda, na neno lake likapita kwa wote mpaka likafika. "Kambini kwetu watoto wamebanana. Ikiingia mle, haitoki bila kumaliza."

Sista Inga alitaka Iramba pia ikumbukwe. Walibishana, wakapunguziana, wakakubaliana. Lori liondoke kesho asubuhi, nusu ya dawa ishuke Manyoni, nusu iende Kondoa.

"Na Mtinko?" aliuliza Daktari Joshi.

Wote walitazama ramani. Mahali pa Mtinko palikuwa peupe. Punje hakuna, harage hakuna.

"Mtinko isubiri ya Wabelgiji," alisema Bwana Diisii. "Majumbe, ni kweli hamna mgonjwa? Hamna kifo?"

Mughwai aligeuza swali. Majumbe walitazama chini, mmoja mmoja wakajibu, "Hakuna, Bwana."

Mughwai akasema, "Wanasema hakuna." Lakini mwenyewe alikuwa anajua.

Kule nyuma ya mawe makubwa, mwendo wa kuchosha kidogo kutoka mnadani, kulikuwa na kumbi. Ni boma la miiba lenye vibanda ndani, ambamo vijana waliotahiriwa mwaka ule walikuwa wamekaa wakisubiri kupona na kufundwa. Baada ya mavuno ndiyo majira yake, ndui iwepo isiwepo. Mle haingii mwanamke, wala mwanamume ambaye hajakatwa. Na mambo ya mle hayasemwi nje. Kila aliyepita jandoni ameapa hivyo, na Mughwai aliapa akiwa na meno ya utoto bado.

Mjomba ndiye humshika mtoto wa dada yake wakati wa kisu. Kwa hiyo Mughwai alikuwa amemshika Alute, mtoto wa dada yake Yunisi, na alikuwa na ruhusa ya kwenda kumtazama. Jana yake jioni alikwenda. Alimkuta Alute mzima, kidonda kinakauka, anacheka. Lakini kwenye kibanda cha pili aliona mikeka miwili imekunjwa, na ndani kabisa, nyuma ya pazia la ngozi, alimwona mlinzi mmoja wa kumbi amelala, uso umejaa malengelenge mpaka macho hayaonekani. Mlinzi yule alikuwa ametoka Manyoni kupeleka ng'ombe wa jeshi.

"Wawili wameshapita," Mzee Njoghomi, mkuu wa kumbi, alimwambia Mughwai, kama anayesema habari za mvua. "Tumewalaza hukohuko ndani. Mwingine ana homa."

"Mama zao?"

"Mama zao wanapika. Wewe umesahau desturi?"

Hakusahau. Mtoto akifa jandoni mama yake haambiwi. Kila jioni anaendelea kuleta kitunga chake cha ugali wa uwele na kibuyu chake cha maziwa mpaka kwenye jiwe la mpaka, anaweka, anarudi nyumbani. Chakula kinaliwa na wenzake. Siku vijana wanapotoka, wengine wanaimba, na yule mama anarudishiwa kitunga kilichopasuliwa katikati. Hapo ndipo anajua, na hapo ndipo anaruhusiwa kulia. Wazee walisema ni huruma: mama asilie, wenzake wasiingiwe na woga, kumbi lisivunjike. Na mtu asiyehesabiwa kuwa amekufa hawezi kuwekewa harage.

Bwana Diisii alikuwa ameshaanza kukunja ramani.

Shida ya Mughwai haikuwa kiapo peke yake. Mle bandani kulikuwa na Dorkas, mwanamke wa Mtinko aliyekuwa akimsaidia Sista Inga kazi za zahanati, na saa ile alikuwa anazunguka na birika kuwamiminia chai. Mtoto wake Nathanaeli alikuwa kumbini. Misheni haikupenda, lakini baba yake alimpeleka, na Dorkas alikuwa akipika kila jioni baada ya kazi. Mmoja wa wale wawili waliolazwa hukohuko ndani alikuwa Nathanaeli.

Mughwai alifikiri kumwambia Sista amtume nje Dorkas, akachote maji, akatafute kuni. Lakini mwanamke wa huku akitolewa nje wakati wanaume wanataka kusema juu ya kumbi, ameshaambiwa. Alifikiri kungoja mpaka watu watawanyike, amnong'oneze Daktari Joshi peke yake. Lakini makubaliano yalikuwa yameshafungwa, dereva alikuwa anapiga tairi mateke, na wazungu wakishakubaliana jambo kwa shida namna ile hawalifungui tena kwa mnong'ono. Kungefunguliwa mbele ya wote au kusingefunguliwa.

Akamfikiria Alute alivyocheka jana.

"Bwana," alisema. "Ramani ina uongo."

Jumbe Simeoni aliinua kichwa haraka. "Mughwai," alisema kwa Kinyaturu, taratibu, "kaa chini."

"Kuna kumbi nyuma ya mawe. Ndui imo. Wawili wamekufa, mmoja ana homa, na mlinzi aliyeileta amelala katikati yao. Vijana wako wengi mle. Dawa ikienda yote Manyoni na Kondoa, watakwisha."

Alisema kwa Kiswahili, na kila aliyekuwa na Kiswahili alisikia. Daktari Joshi alikuwa bado anageuza kwa Rubin wakati birika lilipoacha kumimina.

Dorkas hakupiga kelele. Alimtazama Mughwai kwa muda, birika mkononi.

"Mughwai," alisema, "chakula cha kitunga changu kinaliwa na nani?"

Mughwai alitazama chini, kama majumbe walivyotazama, na hilo ndilo likawa jibu. Dorkas aliweka birika chini, akalisogeza kwa mguu lisije likapigwa teke na mtu, akafungua aproni ya misheni, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Akatoka. Sista Inga, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wote, alimfuata nje bila kuchukua kofia.

"Umefanya nini wewe mtoto?" alisema jumbe Simeoni. Mughwai alikuwa na mvi tayari.

Bwana Diisii alikuwa amewaka. Alitaka askari wa boma waende mara moja, wavunje ile miiba, wawatoe vijana wote nje wachanjwe.

"Usifanye hivyo, Bwana," alisema Mughwai. "Wakiona askari watakimbia. Kila mmoja atakwenda kwa wajomba zake: Ilongero, Iramba, mwingine mpaka Manyoni huko unakokulinda. Utakuwa umeisambaza kwa mkono wako. Dawa iingie kwao, wao wasitoke."

Maneno yale yalizunguka kwa lugha zote, na Mama Wanda aliitikia kwa kichwa hata kabla Rubin hajamaliza. Kwao kambini aliyaona hayo.

"Vizuri," alisema Bwana Diisii. "Nani anaingia?"

Sasa hapo ndipo kamati nzima ilipokwama. Jumbe Simeoni aliwaeleza masharti, na alieleza kwa raha kidogo, maana alikuwa na hasira. Mwanamke haingii, basi Mama Wanda na Sista wametoka. Mwanamume ambaye hajakatwa haingii. Akiingia, kumbi limenajisika, na vijana lazima wahame usiku uleule.

Daktari Joshi alisafisha miwani. "Sisi kwetu, dini yetu," alisema, "hapana."

Wote walimtazama Bwana Diisii. Bwana Diisii alikitazama kiko chake, akawa mwekundu kuanzia shingoni kupanda juu.

"Ala!" alisema jumbe mmoja wa nyuma. "Serikali nzima hii, na hakuna aliyefika jandoni?"

Wengine waliguna kicheko, kikafa palepale. Kulikuwa na dresa, msaidizi wa hospitali, Mwislamu wa Ujiji, yule angefaa kabisa, lakini walishampeleka Manyoni tangu juzi. Wa pili alikuwa Msukuma, na Wasukuma hawakatwi.

"Nifundisheni mimi kuchanja," alisema Mughwai. "Nitaingia."

"Wewe?" Jumbe Simeoni alimgeukia. "Wewe umeshasema mambo ya kumbi mbele ya wanawake. Ukifika pale miiba itakufungia. Wewe huko umekwisha. Na sisi wazee, macho yetu hayaoni ncha ya sindano."

Ndipo Rubin alipomwambia Mama Wanda jambo kwa sauti ndogo. Mama Wanda alimshika mkono wa shati na kumjibu kwa ukali, akitikisa kichwa. Wakabishana. Mughwai hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa kwamba yule mama hakuwa anamkataza kazi, alikuwa anamwogopea. Rubin aliutoa mkono wake polepole akamgeukia Daktari Joshi.

Daktari Joshi alisikiliza. Akavua miwani tena.

"Anasema yeye amekatwa," aligeuza. "Akiwa na umri wa siku nane."

"Siku nane!" Majumbe walisogea. "Mtoto wa siku nane anafundwa nini?"

"Anasema ni desturi yao. Ni Myahudi."

Jumbe Simeoni alikuwa Mkristo, tena msomaji. Alisimama. "Myahudi wa kwenye Biblia? Wale wa Ibrahimu?"

"Haohao, anasema."

"Kumbe bado wapo?"

Daktari Joshi alisita kidogo kabla ya kuligeuza lile. Rubin alipolipata, alijibu kwa maneno machache, akitazama ramani.

"Anasema, baadhi wapo. Anasema huko kwao, siku hizi, askari wa Hitla wanamvua mtu suruali barabarani watazame. Wakiiona alama hiyo, mtu yule harudi nyumbani. Mke wake na mama yake wamebaki huko. Anasema hajapata kumwambia mtu habari hii kwa hiari yake. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Jumbe Simeoni alivua kofia yake, na hakuirudisha.

Walikwenda alasiri ileile: Rubin, Mughwai, jumbe Simeoni na Daktari Joshi. Njiani Mughwai alimfundisha Rubin maneno matatu: "shikamoo", "usikune", "usiogope". Rubin alikuwa akiyarudiarudia kama mtu anayehesabu shanga, na kila mara "usikune" yake ilitoka kama amri ya kijeshi.

Kwenye jiwe la mpaka Mzee Njoghomi alikuwa ameshafika. Habari ilikuwa imewahi kuliko wao. Alikuwa amesimama na fimbo yake, walinzi wawili nyuma, na hakujibu salamu ya Mughwai.

"Shikamoo," alisema Rubin.

"Marahaba." Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Huyu ndiye mnayemsema?"

"Ndiye, baba," alisema jumbe Simeoni. "Ni wa ukoo wa Ibrahimu. Amekatwa."

"Ukoo wake siujui. Nitatazama."

Wakaenda nyuma ya jiwe, Mzee Njoghomi, walinzi na Rubin. Mughwai alimwona Rubin akifungua mkanda, halafu jiwe likamficha. Akamwazia mtu yule huko kwao, barabarani, mbele ya bunduki, akifungua mkanda uleule. Halafu akasikia, huko nyuma ya jiwe, kicheko cha mzee.

Walitoka. Mzee Njoghomi alikuwa amemshika Rubin begani.

"Huyu ni mtu," alisema. "Na aliyemkata alikuwa fundi, si kama wale wa siku hizi. Aingie na sanduku lake."

Rubin alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa shati. Haikujulikana kama ni jasho.

"Na mimi, baba?" aliuliza Mughwai. "Nimsaidie lugha tu. Nisimame mlangoni."

Mzee alimgeukia kwa mara ya kwanza.

"Wewe nani? Mimi hapa naona mtoto ambaye hajafika jandoni. Umevaa kofia ya serikali, lakini ni mtoto. Kaa hapo na mama zako."

Basi Mughwai akakaa. Wanawake walikuwa wameanza kufika na vitunga vyao, wakimkuta ameketi mahali ambapo mwanamume haketi, na hakuna aliyemuuliza. Kutoka kule ndani alisikia nyimbo zikikatishwa, halafu sauti ya kigeni ikisema, "Usiogope. Usikune," na baada yake kicheko cha watoto. Wakamwigiza: "Usikune! Usikune!" Ikaendelea hivyo mpaka jua likawa jekundu juu ya mawe.

Rubin alitoka akiwa amechoka. Daktari Joshi alikuwa amesimama ng'ambo ya pili ya jiwe akisubiri, wakazungumza kwa Kiingereza chao. Wote walikuwa wamechanjwa, na dawa aliyopimiwa ilitosha kwa kubana. Mlinzi wa Manyoni alikuwa amekufa mchana uleule. Yule mwenye homa alikuwa ametengwa kwenye kibanda cha peke yake.

"Kuna mwingine ameanza homa leo," Daktari Joshi aligeuza, akimgeukia Mughwai. "Kijana mwenye kovu juu ya nyusi. Amemchanja naye, lakini anasema labda amechelewa. Anasema hajui."

Kovu juu ya nyusi lilikuwa la Alute. Alilipata akianguka kwenye mawe hayohayo, akichunga ndama wa Mughwai.

Dawa iliyobaki ilipanda lori asubuhi kwenda Manyoni na Kondoa, pungufu kuliko ilivyopangwa, na Bwana Diisii aliandika simu ndefu kwa Wabelgiji. Rubin hakupanda. Alirudi kumbini na blanketi lake, akakaa humo. Mama Wanda alimpigia kelele kutoka kwenye jiwe la mpaka, akalia kidogo, akaondoka. Mughwai aliwekwa alinde mpaka: asiingie mtu, asitoke mtu. Kazi hiyo hata mtoto aliweza kuifanya.

Yunisi alikuja kila jioni. "Anakula?" aliuliza.

"Sijui, dada. Hawaniambii."

"Wewe uliyemshika?"

"Hawaniambii."

Aliweka kitunga chake akaondoka. Haikuwa na maana kumlaumu kaka yake, na hakumlaumu. Lakini baada ya siku chache akaja na binamu yao Bonifasi.

"Usinikasirikie, kaka," alisema Yunisi. "Siku ya kutoka lazima awepo mjomba wa kumpokea. Wamesema wewe huwezi. Nimemwomba Bonifasi."

"Sikasiriki," alisema Mughwai. Bonifasi hakujua aweke wapi macho.

Dorkas naye alirudi. Alifika jioni moja na kitunga kimejaa, akakiweka kwenye jiwe pamoja na vya wenzake. Wanawake walimpisha. Hawakujua wafanye nini na mama anayejua. Dorkas akaketi karibu na Mughwai, si karibu sana.

"Unapika," alisema Mughwai.

"Wenzake wana njaa."

Upepo ulikuwa unarusha vumbi kwenye vitunga, na Dorkas akainuka kufunika chake, akafunika na vya wengine.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema alipokaa tena. "Kabla ya wazungu. Mimi ni mama yake."

"Ningekuambia kwanza ungepiga kelele. Kumbi lingetawanyika kabla dawa haijafika."

Dorkas alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Ningepiga." Akaongeza: "Sikusamehe, Mughwai. Lakini ungenyamaza pia nisingekusamehe."

"Najua."

"Basi."

Hapo ndipo alipolia, na desturi ikamkuta analia kabla ya siku yake, na hakuna mzee aliyetoka kumkemea. Mzee Njoghomi alionekana kidogo kwenye mlango wa miiba, akasikiliza, akarudi ndani.

Kati ya wale wawili wenye homa, mmoja alikufa. Hilo Mughwai alilijua kwa sababu Rubin alitoka mpaka kwenye jiwe, akainua kidole kimoja, akatikisa kichwa, akarudi. Lakini hakuweza kusema ni nani. Hakuwa na Kiswahili cha kusemea hivyo, na hata angekuwa nacho, alikuwa ameshaapishwa. Mughwai alilala pale mpakani akiwa na kile kidole machoni. Siku zilipita bila kidole kingine.

Kumbi lilifunguliwa baadaye kuliko kawaida, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunukia. Wazee walichoma vibanda, wakachoma ngozi na mikeka. Vijana walitoka kwa mstari, wamenyolewa, wamepakwa samli, macho mbele kama walivyofundishwa. Waliimba wimbo wa kutoka. Nyuma yao alikuja Rubin, amenyolewa naye, amepakwa samli naye, anaimba maneno asiyoyajua.

Mughwai alisimama kando ya njia, upande wa wanawake. Alikuwa anatazama nyusi za kila kijana.

Alute alikuwa karibu na mwisho. Alikuwa amekonda, lakini ngozi ya uso wake ilikuwa safi. Ile homa ilikuwa ya kidonda au ya kitu kingine. Au dawa iliwahi. Juu ya mkono wa kushoto alikuwa na alama ya chanjo, imeshakauka, nyeusi, kubwa kama senti. Yunisi aliuma kanga yake. Bonifasi alijitokeza, akampokea, akamvika shuka mpya kama mjomba afanyavyo.

Walipita mbele ya Mughwai, karibu kiasi cha kuguswa. Alute alimwona. Koo lake lilisogea, kama mwenye salamu iliyofika mpaka pale. Lakini alikuwa mwanamume sasa, ameshaambiwa huko ndani nani ni mtu na nani si mtu, na mwanamume hamwamkii mtoto. Akatazama mbele, akapita, akaushika wimbo pale alipouacha.

"Amefundwa vizuri," alisema Mughwai, na alikuwa anasema kweli.

Dorkas alikuwa amesimama nyuma yake, mkononi ana kitunga chake kilichopasuliwa katikati. Wimbo ulikuwa unateremka kuelekea vijijini. Kwenye barabara ya mnadani lori la Kondoa lilikuwa limekuja kumchukua Rubin, na dereva alikuwa anapiga honi, akimwita na Mughwai pia: ndui imefika Mkalama, Wabelgiji wameleta dawa, wanatafutwa watu wa kugeuza maneno. Mughwai alingoja mpaka yule kijana wa mwisho alipopotea nyuma ya mawe. Halafu akaenda kupanda.